Mpokeaji wa Msaada Naye Ana Haki za Mtumiaji



Baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020, na kafyu kuanza tarehe 27 ya mwezi huo, nyumba nyingi zilizotegemea kibarua cha kila siku zilipoteza mapato. Dobi, mchuuzi wa jioni na utingo wa matatu walijikuta hawana kazi, na wa kwanza kuwafikia walikuwa majirani. Vyama vilivyoundwa kwa ajili ya kuweka akiba na kuzikana viligeuka kuwa maghala ya unga, maharagwe na sabuni. Tunawashukuru kwa hilo. Tumekuja pia kuzungumzia jambo ambalo wema peke yake hautoshi kulilinda.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinawapa watumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari wanazohitaji, kulindiwa afya na usalama wao, na kulipwa fidia wanapopata hasara. Aliyenunua unga mbovu hurudi dukani akiwa na risiti mkononi. Aliyepewa unga huo hana risiti wala hajui ulinunuliwa wapi; na hata angejua, huona haya kulalamikia kitu alichopewa bure. Atautupa, au ataupika kwa kuwa watoto wana njaa, naye atanyamaza. Kwa hiyo kikundi kilichonunua kwa niaba yake ndicho kilichobeba haki yake. Msipoidai nyinyi, hakuna atakayeidai.

Tuanze na fedha. Kwa hatua zilizotangazwa na Benki Kuu, kumtumia mtu kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kwa simu hakukutozwa ada hadi tarehe 31 Desemba 2020. Mchango mdogo, basi, ulifika mzima. Tumieni nambari moja inayojulikana na wanachama wote. Watu watatu wasiotoka nyumba moja washike daftari, na hesabu isomwe mbele ya wanachama kila fedha zinapotumika. Ukifika ujumbe unaotaja jina la kikundi chenu lakini una nambari mpya, mpigieni mweka hazina kabla ya kutuma chochote. Akitokea mtu anayedai kuwa amewatumia fedha kimakosa na kuwasihi mzirudishe upesi, tazameni salio kwanza, kisha mwelekezeni kwa kampuni ya simu ili irekebishe muamala huo. Nambari ya siri haambiwi mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa afisa.

Fedha zikishapatikana, ununuzi una masharti yake. Ulizeni bei katika maduka mawili au matatu, na daima chukueni risiti. Mwezi Machi 2020, Mamlaka ya Ushindani iliagiza duka kuu moja liwarejeshee wateja fedha walizotozwa kupita kiasi kwa vitakasa mikono. Bila risiti, ni vigumu kwa mteja kuthibitisha alilipa kiasi gani. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, kodi ya ongezeko la thamani ilipunguzwa kwa muda kutoka asilimia 16 hadi 14. Isomeni risiti ya bidhaa zinazotozwa kodi hiyo, kama vile sabuni, mwone ni kiwango kipi kilichotumika.

Kagueni tarehe ya mwisho ya matumizi katika kila bunda, si katika pakiti ya juu tu. Mwezi Novemba 2019, Shirika la Ubora wa Bidhaa lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondolewi na kupika kwa kawaida. Epukeni unga uliofungwa upya katika mifuko isiyo na jina la mtengenezaji wala alama ya ubora. Na muuzaji akiwaambia kwamba bidhaa iliyokaribia kuharibika inafaa kwa msaada, mkataeni. Kisichofaa kuuzwa hakifai kutolewa.

Ugawaji nao unahitaji utaratibu. Mwezi Aprili 2020, watu walijeruhiwa mtaani Kibera waliposukumana wakigombea chakula cha msaada. Ni afadhali kupeleka chakula mlango kwa mlango, au kuita nyumba chache kwa saa maalumu. Penye duka la mtaa linaloaminika, kikundi kinaweza kulipa kiasi fulani ili familia ichukue inachohitaji. Bei ziandikwe mapema, na familia ipewe nakala. Mama mwenye mtoto mchanga anajua kuliko kamati kama anahitaji maziwa au makaa.

Orodha ya wapokeaji ichukuliwe kuwa siri. Majina, nambari za simu na za vitambulisho zikitawanywa, huweza kuangukia mikononi mwa matapeli, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka habari hizo zitumike kwa shabaha iliyokusudiwa tu. Picha ya mtu akipokea unga isipigwe ila kwa ridhaa yake, na chakula kisifanywe kuwa bei ya ridhaa hiyo.

Mkiuziwa bidhaa mbovu, hifadhini pakiti, risiti na tarehe ya ununuzi. Acheni kugawa kilichosalia, wajulisheni waliokwisha kupokea, mrudieni muuzaji, na asipowasikiliza tuleteeni malalamiko yenu. Tutayapokea kwa niaba ya kikundi bila kudai majina ya familia mnazozisaidia.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo mnao tayari. Tunachowaomba ni kuwa wakali dukani kwa niaba ya jirani kama vile ambavyo mngekuwa wakali kwa ajili ya watoto wenu.