Mke Wangu Ananikimbia

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Ifakara)



Nilipoandikiwa barua ya kuombwa nizungumze mbele yenu, niliambiwa nichague jambo lolote nilipendalo, mradi nisizungumzie kazi yangu. Nadhani waandalizi wamekwisha kuwasikia maafisa mipango wakizungumza. Basi nimechagua kuzungumzia mbio.

Naona wale niliolala nao bweni moja wameanza kucheka. Wana haki. Katika miaka ya tisini, kengele ya mchakamchaka ilipogongwa alfajiri, shule nzima ilitoka mbio ikiimba, isipokuwa watu wanne. Watu hao walikuwa kwenye migomba nyuma ya bweni, wamechuchumaa, wakingoja wenzao warudi ili wajichomeke mkiani wakiwa wamejimwagia maji usoni mithili ya jasho. Mmoja wao ndiye huyu anayesimama mbele yenu. Hila hiyo ilidumu muhula mzima, hadi asubuhi moja tulipoingia migombani tukamkuta mwalimu wa zamu amekwisha kukaa, anatungoja. Hakusema neno. Alitupeleka uwanjani, tukauzunguka peke yetu mpaka kengele ya paredi. Siku hiyo niliapa kwamba nikimaliza shule sitakimbia tena, labda nikimbie mvua. Kiapo hicho nilikitunza zaidi ya miaka ishirini, kuliko nilivyovitunza vyeti vyangu.

Nilikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaajiriwa Serikalini, na mwaka 2006 nikaoa. Mke wangu ni muuguzi. Tulipokuwa wachumba aliniambia kwamba shuleni kwao alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, tena alichaguliwa katika timu ya mkoa ya UMISSETA. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za surua aliyougua mwenzake utotoni. Baada ya harusi raba zake zilikaa chini kabisa ya sanduku. Sikumkataza kukimbia, wala hakuna aliyemkataza. Mambo kama hayo hufa bila ya mtu kuyaua.

Watumishi wenzangu mnajua uhamisho. Mwaka 2011 nilihamishwa, yeye akabaki na watoto kwa sababu ya kazi yake. Tulikaa mbalimbali miaka saba. Nilikuja nyumbani sikukuu, nikileta nguo za watoto na mchele, nikaondoka. Mwaka 2018, mwaka ule ule lilipozinduliwa daraja la mto Kilombero, sote wawili tulipata nafasi hapa Ifakara. Watu wakatupongeza kwamba sasa familia imekuwa moja. Ukweli ni kwamba tuliishi kwa adabu kubwa, kama wageni wawili waliopangishwa nyumba moja. Umeamkaje. Chakula tayari. Ada imelipwa. Tukimaliza hayo matatu, redio ndiyo iliyozungumza.

Mwaka 2020 nilipimwa nikakutwa na shinikizo la damu, 170 kwa 105. Daktari alinipa dawa, akaniambia nipunguze chumvi na niutumikishe mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za mazoezi mazito, kama kukimbia. Mimi dakika zangu zote zilikuwa za kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti. Nilipomweleza mke wangu, hakunipa pole. Alikwenda kufungua lile sanduku. Raba za zamani zilikuwa zimekwisha kuoza, kwa hiyo jioni ile alikwenda kwenye mitumba akarudi na jozi mbili. Akasema, "Baba, kesho saa kumi na moja na nusu."

Hapa Ifakara ni lazima iwe alfajiri. Bonde letu liko chini, joto lake mnalijua, na jua likishapanda juu ya mashamba ya mpunga hakuna anayekimbia kwa hiari yake. Asubuhi ile ya kwanza niliamua kumwonyesha mke wangu kwamba mimi ni mwanamume. Vijana, huenda hamjui vizuri habari za Filbert Bayi. Mwezi Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alishika uongozi wa mbio za mita 1,500 tangu mwanzo, hakumpa mtu nafasi ya kupita, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Basi nami nilitoka pale mlangoni kama Bayi. Nilifika kama mita mia tatu. Mke wangu aliponikuta nimeinama, nimeshika magoti, alisimama kando yangu akanifundisha kanuni ambayo naiona ni bora kuliko zote za mchezo huu: kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Ukishindwa kusema sentensi nzima, umezidisha. Tukakimbia dakika mbili na kutembea dakika moja, na kesho yake vivyo hivyo. Baada ya miezi minne tuliweza kwenda darajani na kurudi nyumbani bila ya kusimama.

Wale mliohitimu zamani mkaondoka, mnakumbuka kivuko. Ulingoja upande huu ukiitazama Ulanga ng'ambo, na mto ukifurika ulingoja zaidi. Sasa kuna daraja la mita 384. Kwenda na kurudi juu yake ni mita 768, na kwetu lilikuwa ndiyo kipimo cha afya. Kulipopambazuka tuliiona milima ya Udzungwa nyuma yetu, mitumbwi ya wavuvi chini, na baiskeli zenye magunia ya mpunga zikitujia. Watu walitushangaa sana mwanzoni. Mwanamume kukimbia peke yake ni mazoezi. Mwanamke na mumewe wakikimbia pamoja alfajiri, watu huuliza kuna msiba wapi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii, nalo si la kujivunia.

Mke wangu alianza kupata nguvu zake za zamani. Mwezi wa tano alikuwa mbele yangu hatua kumi. Mwezi wa sita nilimwona mgongo tu, kisha sikumwona. Asubuhi moja mfanyakazi mwenzangu alitupita kwa pikipiki, na tulipofika ofisini akaniambia mbele ya watu, "Bwana, naona mkeo anakukimbia." Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Lakini neno lile liliingia mwilini kama mwiba. Jioni nilimwambia mke wangu kwamba kuanzia kesho akae nyuma yangu, au tuache mchezo huu, maana tunatia aibu. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, baba." Kesho yake hakuamka. Raba zake zilirudi sandukuni.

Nilikimbia peke yangu majuma matatu. Nilikuwa wa kwanza kila siku, kwa kuwa hapakuwa na wa pili. Nyumbani redio ilirudi kuzungumza. Kisha siku moja mzee mmoja aliyekuwa akienda kuamia ndege shambani kwake alisimamisha baiskeli akaniuliza, "Mwenzio yuko wapi? Anaumwa?" Nikamjibu hajambo. Akasema, "Mwambie tumemkosa. Akinipita pale mtoni najua nimechelewa." Akapanda baiskeli, akaenda zake. Nami nilisimama pale nikijiuliza nimjibu nini kesho akiniuliza tena. Kumbe mzee yule alimwona mke wangu kila siku jinsi alivyo, na mimi niliyekuwa nikimfuata kila siku niliuona mgongo wake tu, nikauchukia.

Nilirudi nyumbani nikazitoa zile raba sandukuni, nikazifua, nikazianika juu ya ua. Sikuwa na maneno mengine. Aliporudi kazini alizitazama, akasema, "Umezianika juani, gundi itaachia." Nikamwambia nimekosa. Akauliza, "Kwa raba?" Nikasema kwa yote. Akazichukua, akaziweka kivulini.

Tangu siku hiyo tuna mapatano, na mpaka leo hayajavunjwa. Yeye hutangulia kwa mwendo wake mpaka darajani. Hulivuka, hurudi, hulivuka tena, hurudi tena. Mimi hufika nikalivuka mara moja. Tukikutana, tunageuka na kurudi nyumbani bega kwa bega, kwa mwendo wangu. Nusu ya safari ni yake, nusu ni yetu.

Na katika nusu hiyo ya kurudi ndiko nilikomfahamu mke wangu. Asubuhi moja, bila ya kuulizwa, alianza kunieleza habari za usiku mmoja wa mwaka 2013. Mtoto wetu wa pili alipata homa ikampandisha degedege, mvua inanyesha, usafiri hakuna, nami nilikuwa mkoa wa mbali. Alimfunga mgongoni kwa khanga, akatoka naye mbio gizani mpaka hospitali. Wakati ule aliniambia kwa simu kwamba mtoto aliumwa kidogo na sasa amepona. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza kweli. Akasema, "Ungefanya nini huko uliko? Tena usiku ule nilishukuru kwamba niliwahi kuwa mkimbiaji." Tulikwenda kitambo kirefu nikiwa siwezi kusema sentensi nzima, na haikuwa kwa sababu ya mwendo.

Ndugu zanguni, mambo hayo hakuyasema mezani kwa miaka saba, wala kitandani. Aliyasema barabarani, sote tukitazama mbele. Huenda ni rahisi zaidi kusema neno zito kwa mtu ambaye hamtazamani usoni, na ambaye huna budi kufika naye.

Ulimwenguni wako waliotutangulia katika jambo hili. Emil Zátopek wa Chekoslovakia na mkewe Dana walizaliwa siku moja, tarehe 19 Septemba 1922. Tarehe 24 Julai 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, yeye alishinda mbio za mita 5,000, na mkewe akashinda kutupa mkuki siku hiyo hiyo. Sisi hatutafuti medali. Lakini nawataja ili vijana mjue kwamba nyumba inaweza kuwa na mabingwa wawili na paa lisianguke. Na wale wanaodhani mbio ndefu si za wanawake wakumbuke kwamba wanaume wamekimbia marathoni ya Olimpiki tangu mwaka 1896, na wanawake waliruhusiwa mwaka 1984 tu, huko Los Angeles. Miaka themanini na minane waliambiwa, "Kaa nyuma." Mimi nilimwambia wangu kwa majuma matatu, na bado naona haya.

Nanyi vijana, sisemi haya ili mkawe Alphonce Simbu, ingawa atakayeweza na awe. Simbu alituletea medali ya dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo mwezi Septemba 2025, na aliyemfuata alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Lakini Watanzania wanamkumbuka pia John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho na mguu umefungwa bendeji. Anayemaliza wa mwisho naye amekimbia njia yote. Maneno hayo huwa najiambia kila asubuhi.

Ushauri wangu kwa wenye umri wangu ni mfupi. Pimeni damu kwanza, mwone daktari anasemaje. Dawa msiziache kwa sababu mmeanza mazoezi. Mimi sasa napimwa 130 kwa 85, na dawa ninameza bado. Kimbieni upande wa kulia wa barabara ili myaone magari yanayowajia. Kunyweni maji. Na kama mna wake, waulizeni walikuwa wakicheza mchezo gani shuleni. Msikilize jibu.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Kesho saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla ya mechi ya mpira baina ya wa zamani na wa sasa, kutakuwa na mchakamchaka wa hiari kuanzia langoni mwa shule. Kina mama wote waliofuatana nasi wanakaribishwa. Mke wangu, aliyekaa pale safu ya pili, ndiye atakayeongoza. Mimi nitakuwa nyuma kabisa, nikichungulia migombani kuona kama yupo mtu.