Hotuba ya Wafumaji: Sweta la Lesi na Kipimo cha Mvaaji



Tumepewa robo saa katika sherehe hii ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, nasi twashukuru. Wenzetu waliotutangulia wamenena juu ya kahawa, mbolea, magari na ghala. Sisi wanawake wafumaji tumetakiwa kueleza kazi yetu. Tumeona ni heri tusiieleze yote, ila tushike jambo moja lililotutia hasara: namna sweta la lesi lifumwavyo kwa kroshia, na namna lirekebishwavyo hata likamkaa mwenyewe.

Wengi wenu mwatujua kwa vitambaa vya makochi na vya meza. Kazi hiyo tuliirithi kwa mama zetu, na twaifanya hata gizani. Lakini kitambaa cha meza hakina kwapa. Kikizidi inchi moja, meza hainung'uniki. Nguo ya kuvaliwa ni habari nyingine, na sisi hatukulijua hilo mpaka lilipotugharimu.

Tulianza masweta kwa sababu ya hali ya hewa ya kwetu. Huku Rungwe, asubuhi za Juni na Julai mwajua zilivyo. Lakini jua likisha kupanda, sweta zito la sufu huwa mzigo. Sweta la lesi la uzi wa pamba, lililo wazi mbele na lenye vifungo, lafaa wakati wa katikati: lakinga upepo kidogo, matundu yake yapitisha hewa, na lapendeza kanisani na mkutanoni.

Kwa wasioijua kazi hii: kroshia hufumwa kwa sindano moja tu, yenye kulabu nchani. Uzi huvutwa ndani ya kitanzi, na kitanzi ndani ya kitanzi kingine, hata upatikane mnyororo. Juu ya mnyororo huo husimamishwa mishono mirefu na mifupi. Lesi si kitu kingine ila mishono iliyorukwa kwa makusudi. Penye tundu, mfumaji amepaacha kwa hesabu.

Katika mwaka wa tatu wa Chama tulikopeshwa nyuzi, nasi tukafuma masweta 14 kwa karatasi moja ya maelezo iliyotoka ng'ambo. Karatasi ilisema kwamba inchi 4 za kitambaa ziwe na mishono 18, na kwamba kabla ya kuanza mfumaji afume kipande cha majaribio. Tukacheka. Nani apoteze siku nzima kufuma kipande kisichouzwa? Tukaanzisha mishono 174 kama tulivyoagizwa, tukitarajia upana wa inchi 38 na zaidi kidogo kuzunguka kifua.

Sasa tazameni hesabu. Mkono uliozoea vitambaa vya meza huvuta uzi kwa nguvu. Mikono yetu ilitoa mishono 20 katika inchi 4, si 18. Gawanyeni 174 kwa 5, mtapata inchi 35 kasoro. Karibu inchi 4 zilipotea, wala hapana aliyeziiba.

Katika masweta 14, yalirudi 9. Mwalimu mmoja alikuja na lake limekunjwa vizuri katika gazeti, akatuamkia sote kwa adabu, kisha akauliza, "Mama zangu, nisaidieni. Sweta hili mlinifumia mimi, au binti yangu?" Tulitafuta la kumjibu, tusilione. Katika mkutano wa mwaka mwanachama mmoja akasimama akataka kujua kwa nini fedha ya kahawa inunue nyuzi za nguo zisizofungika. Baadhi yetu walikasirika. Twasema leo mbele yenu kwamba swali lile lilikuwa la haki. Palikuwa na hoja ya kuifunga kazi yetu, nayo ilishindwa kwa kura chache.

Tukarudi kwenye kipande cha majaribio tulichokicheka. Hufumwa chenye inchi 6 kila upande, kwa uzi uleule, sindano ileile na nakshi ileile ya sweta. Kisha hufuliwa na kukaushwa kabla ya kupimwa. Hapa mkulima hahitaji kufundishwa: ajua kwamba kilo 6 hivi za matunda mabivu ya kahawa hutoa kilo 1 ya kahawa safi, wala hapigi hesabu ya mauzo kwa uzito wa matunda mabichi. Lesi nayo hubadilika ikilowa. Matundu hufunguka, na uzi wa pamba hulegea. Hesabuni mishono katika inchi 4 za katikati, si za ukingoni. Ikizidi iliyotakiwa, chukueni sindano nene zaidi. Ikipungua, nyembamba zaidi. Msijilazimishe kulegeza mkono. Mkono hulegea kwa safu tatu, kisha hurudia tabia yake.

Likifuata hilo ni mwili wenyewe. Twapima kifua, mgongo toka bega hata bega, kina cha kwapa, unene wa mkono juu ya kiwiko, na urefu wa mkono. Kipimo cha nne ndicho kilichotuponza mara ya pili. Karatasi ile ilichorwa kwa mwanamke asiyeshika jembe. Mkono wa mwanamke alimaye, apondaye na abebaye maji haukai ndani ya mkono wa sweta la namna ile, hata kifua kikiwa sawasawa. Siku hizi mikono twaipima peke yake, wala hatuiamini karatasi yoyote.

Mfano: mama mwenye kifua cha inchi 36 ataka nafasi ya inchi 2 apate kuvuta pumzi. Jumla inchi 38. Ikiwa mkono wa mfumaji watoa mishono 18 katika inchi 4, yaani minne na nusu kwa inchi moja, yahitajika mishono 171. Lakini nakshi ya lesi huhesabiwa kwa mafungu. Yetu ina mishono 6 katika kila fungu, na 171 haigawanyiki kwa 6. Basi yatupasa kuchagua: mafungu 28, yaani mishono 168, au mafungu 29, yaani 174. Sisi huchagua yaliyo mengi, kwa kuwa nguo iliyozidi kidogo hupunguzwa kwa ukanda wa vifungo, bali iliyopungua humfedhehesha mvaaji.

Jambo jingine tulilojifunza ni kuanzia shingoni na kushuka. Kroshia hufumuka kutoka mshono wa mwisho, si kutoka mnyororo wa kwanza. Aanzaye chini na kupanda hawezi kupunguza urefu bila kuharibu. Aanzaye shingoni humvika mwenyewe sweta kila jioni, akatazama bega, akatazama kwapa, na pindo likifika mahali pake akakata uzi. Tena sweta lililo wazi mbele huvalika hata likiwa nusu. Kwa kweli twashangaa tulivyopanda toka chini miezi minne.

Kuhusu yale 9 yaliyorudi, tulibishana sana. Wengine walitaka yote yafumuliwe. Kufumua ni neno chungu kwa mfumaji. Hatimaye tulikubaliana hivi: pungufu ya inchi 2 au chini yake huongezwa, ikizidi hapo, hufumuliwa. Nyongeza huwekwa mahali pawili. Ukanda wa vifungo hupanuliwa kwa mishono mifupi, nusu inchi kila upande; na chini ya kwapa, toka pindo hata mkononi, hutiwa kipande chembamba cha lesi ileile, ambacho mtu asiyeambiwa hakioni. Shingo iliyolegea huzungushiwa safu ya mishono mifupi, ukirukwa mmoja katika kila mitano, nayo hujivuta. Bega linaloshuka kwa uzito wa mikono hupitishiwa mshono wa kukaza kwa ndani.

Masweta 5 yalipona kwa njia hiyo. Manne tuliyafumua. Uzi uliofumuliwa huja umejikunjakunja kama nywele zilizosukwa. Tuliuzungusha katika matita, tukaufua, tukautundika na kijiwe chepesi chini yake hata ukanyooka. Tukafuma upya. La mwalimu lilikuwa mojawapo ya manne hayo.

Likisha kufumwa, sweta halianikwi kambani, maana pamba ikilowa huvutwa chini na uzito wake hata pindo likafika mapajani. Hulazwa juu ya taulo, hunyoshwa kwa mkono mpaka kipimo cha mvaaji, hupigwa pini kila upande, na kuachwa kivulini. Pini hizo ndizo zifunguazo nakshi. Kabla yake lesi huonekana kama kitu kilichokanyagwa.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya wanawake wasio na kazi. Mwaka 1845 ugonjwa ulishambulia viazi katika Ayalandi, na njaa kuu ikafuata. Watu walitegemea zao moja, nalo lilikufa. Katika mji wa Clones, mwaka 1847, Cassandra Hand, mke wa mchungaji, alisaidia kuanzisha ufumaji wa lesi ya kroshia ili familia zipate chakula. Waligawana kazi: huyu maua, yule majani. Kisha vipande hivyo vilibanikwa juu ya kitambaa kilichochorwa umbo la nguo, na kuunganishwa kwa wavu wa uzi. Hapo tunawaonea wivu: umbo lilitangulia, ndipo lesi ikafuata. Sisi tulifanya kinyume. Sisi nasi milimani hapa tuna kahawa, na ndizi, na chai. Lakini nani kati yenu hajapata kuona msimu uliomwacha mikono mitupu?

Mkopo wa nyuzi tuliulipa, Bwana Mwenyekiti, ukichelewa msimu mmoja. Hatusemi haya ili tusifiwe. Twasema kwa kuwa tuna ombi moja mbele ya Halmashauri. Katika daftari la maagizo lililopo ofisini, karani huandika jina la mwagizaji, rangi na malipo ya kwanza. Hakuna safu ya vipimo. Twaomba safu tano ziongezwe, wala agizo lisipokewe zikiwa tupu, kama vile kahawa isivyopokewa ghalani pasipo kupimwa mizani. Karani atasema ni kazi ya ziada. Sisi tuko tayari kumpa mmoja wetu siku za gulio, bila ujira, mpaka azoee.

Karibu na mlango wa kutokea, upande wa kushoto, mtakuta meza yetu. Pana masweta 6 yaliyo tayari, na vipande vya majaribio vya nyuzi tatu, mpate kuvishika kabla ya kuagiza. Futikamba ipo, na pazia limetundikwa kwa ajili ya mama zetu wasiopenda kupimwa hadharani. Wanaume nao watapimwa. Mwaka jana tulifumia wanne, nao wanayavaa.