Jinsi ya Kushambulia Katika Mpira



Mara nyingi mchezaji arudishapo mpira nyuma, watazamaji humzomea na kumwita mwoga. Haifai. Mchungaji afikapo kisimani hawasukumi ng'ombe wote pamoja penye birika. Huwazuia, kisha huwaachilia kundi kwa kundi, hata wote wakanywa. Washambuliaji nao ni vivyo hivyo. Mpira hurudishwa ili wapinzani wavutwe mbele, waache nafasi migongoni mwao; ndipo winga huikimbilia. Lakini akitangulia mapema ataotea, na kazi ya wenzake itapotea bure.

Kushambulia kwa akili kuna faida hata ugenini. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitoka sare na Esperance ya Tunisia mara mbili, 2–2 Tunis na 1–1 Nairobi; mabao yale mawili ya Tunis ndiyo yaliyoipa Kombe la Washindi la Afrika.

Kijana azomewaye leo, kesho ataogopa kufikiri, atapiga mpira ovyo ili awaridhishe ninyi. Basi tulieni, mtazame. Nafasi ikifunguka, hapo ndipo pa kupiga kelele.