Somo la Kusikiliza: Uwezo, Sababu na Nia

Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: uwezo, sababu, nia. Nangoja kidogo.

Vema. Maneno hayo yatoka katika hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka. Watu waliuawa, ng'ombe wakaporwa, na Amin akatangaza kuwa nchi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akasema na wazee wa Dar es Salaam, na redio ikayafikisha maneno yake nchi nzima. Alisema kuwa uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Hata waliozaliwa baada ya vita huyataja, pengine kwa kubadili mpangilio.

Kwa nini hayasahauliki? Yasomeni kwa sauti, darasa zima. Mmesikia? Kila mara jambo latangulia, na "tunao" au "tunayo" laja mwisho, kama mchi unaposhuka kinuni. Angesema "tunao uwezo wa kumpiga", maana ingekuwa ile ile, lakini mchi usingesikika.

Sasa tazameni silabi. "Tu-" yamwingiza msikilizaji vitani, akiwa askari au mkulima, bila kumwuliza. Kisha tazameni "-m-" katika "kumpiga". Hakusema "kuwapiga". Adui ni mmoja, Amin, Waganda hawamo. Mimi naona silabi hii ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, maana wako Watanzania wenye shemeji na wajomba ng'ambo ya mpaka. Lakini risasi haisomi silabi. Februari 1979 majeshi yetu yalipofika Masaka na Mbarara, miji hiyo iliharibiwa vibaya, na nyumba zilizobomoka hazikuwa za Amin.

Turudi ubaoni, kwa maana maneno yale matatu husikika kama ndugu, na si ndugu. Sababu ilikuwa na ushahidi: waliokimbia makwao waliweza kuulizwa. Uwezo hupimwa kwa hesabu ya askari, silaha na chakula, na sentensi ile haina hesabu hata moja. Simlaumu, nani atamhesabia adui risasi zake? Ila msikilizaji alikubali kwa imani tu. Jeshi liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, pamoja na Waganda waliokuwa wakipigana na Amin. Siku ya hotuba hakuna aliyeweza kulijua hilo. Na nia? Hiyo haina shahidi wala hesabu. Msikilizaji alipopiga makofi ndipo alipoitoa.

Kazi ya juma hili. Kumbukeni mkutano mmoja wa kijijini kwenu ambapo mtu alisimama akasema "tunataka" au "tunaweza". Andikeni sentensi yake katika daftari, mpigie mstari "tu-". Chini yake kila mmoja aandike majina ya watu anaodhani walihesabiwa humo, na kama jina lake mwenyewe lilikuwamo. Juma lijalo tutasoma majibu. Kwaherini.