Kutembea Kwenye Utelezi Baada ya Kuwekewa Nyonga au Goti Bandia

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hujaza utelezi katika njia za Milima ya Usambara. Kwa mkazi aliyerejea Lushoto kutoka MOI, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, akiwa na nyonga au goti bandia, kuanguka mara moja kwaweza kuvunja mfupa unaoshika kiungo hicho na kumrudisha kwenye upasuaji.

Avae viatu vinavyoshika kisigino, vyenye soli ya mpira yenye meno. Ndala zisitumike njiani. Mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, na mpira wa ncha yake ubadilishwe unapolika. Hatua ziwe fupi, na unyayo wote ukanyage. Katika kupanda, mguu mzima hutangulia. Katika kushuka, hutangulia mkongojo na mguu uliopasuliwa.

Hatari kubwa mara nyingi iko nyumbani. Njia ya kwenda chooni imwagwe changarawe, iwekewe fito ya kushikia, na usiku iwe na taa. Ndoo za maji na mizigo ya kuni ibebwe na jamaa wengine.

Akianguka asivutwe mkono kuinuliwa. Akishindwa kukanyaga, au mguu ukivimba na kuuma, afikishwe hospitali bila kuchelewa.

Mzee ashikaye mkongojo hapungukiwi heshima. Aanguke, kaya nzima huumia.