Darasa la muuguzi, faida ya mama

Zamani muuguzi wa cheti aliyetaka diploma alilazimika kufunga mizigo, akaacha zamu na watoto, akahamia chuoni. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta, lengo likiwa kuwafikia wauguzi wapatao 20,000 wakiwa bado kazini. Kwa zahanati yenye muuguzi mmoja tu, hilo si jambo dogo: mlango haufungwi.

Na kwa kuwa muuguzi yupo, nawe, mama, mtoto akihara, usiondoke na pakiti ya ORS (unga wa kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki kabla hujaelewa. Mwambie muuguzi: “Sista, hebu nikueleze nitakavyofanya.” Maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, si kwa kukisia. Zinki siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma. Ukikosea, atakurekebisha papo hapo. Video ya maelezo kwenye simu haitakusikiliza hivyo. Na mtoto akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo chake, weka simu chini, umkimbize hospitali.