Habari Kwanza, Amri Baadaye
Zamani Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa na jarida la wafanyakazi, Spear. Lengo la jarida la namna hiyo ni moja: mfanyakazi wa kituo cha mwisho, kama Kasese iliyofikiwa na reli mwaka 1956, ajue mipango ya wakuu wake.

Reli haikufika Mbarara wala makazi ya wakimbizi ya Nakivale, lakini funzo hilo linahusika huko. Mwaka 2023 mgao wa chakula wa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa. Penye ukimya, uvumi hutawala. Na anayeukabili umati wenye njaa ni askari. Basi naye aarifiwe mapema, kwa maandishi ya Kiswahili. Askari asiyejua sababu hana jibu ila rungu.